Mkanda wa Rangi Chini ya Jua la Ugogo

Albamu nyingi za miaka ya 1980 na 1990 katika nyumba za Dodoma zimegeuka rangi. Gauni la bibi harusi limekuwa la waridi, anga limekuwa la njano, na waliosimama pembeni wamezama gizani kiasi kwamba huwezi kumtofautisha shangazi na mama mdogo. Vijana wakiziangalia hutoa hukumu upesi: kamera za zamani zilikuwa mbovu, na wapigapicha wa zamani hawakujua kazi. Mimi niliingia katika kazi hii mwaka 1985, kijana wa kufagia studio mtaa wa Uhindini, nikaja kuwa msafishaji wa picha za rangi, na hukumu hiyo siikubali. Picha iliyobandikwa kwenye albamu ni nakala tu. Ushahidi umo kwenye negativu. Negativu iliyopigwa na mtu aliyelijua jua la hapa ina mambo ambayo karatasi ya siku zile ilishindwa kuyabeba, na bado imeyashika.

Mji wenyewe ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1907 kwa ajili ya reli, na reli ikafika mwaka 1910. Picha za miongo ile karibu zote ni nyeusi na nyeupe, na ziliendelea kuwa hivyo hadi baada ya Uhuru. Mkanda wa negativu za rangi ulikuwa umeshazaliwa zamani kule Rochester, Marekani, ambako Kodak waliutoa mwaka 1942 kwa jina la Kodacolor. Lakini huku Ugogo, kwenye uwanda wa Dodoma, rangi ilitangulia kufika mifukoni mwa wamisionari, madaktari na wataalamu wa kigeni, na wengi wao walitumia slaidi, ule mkanda unaotoa picha moja kwa moja ya kutupa ukutani kwa projekta. Walizipeleka Ulaya zikasafishwe huko, na nyingi zimebaki huko.

Naitaja slaidi kwa sababu iliacha mafunzo yaliyotuumiza. Slaidi haina uvumilivu. Ukiizidishia mwanga kidogo tu, mawingu yanapauka na shati jeupe linapoteza mikunjo yake. Kwa hiyo anayepiga slaidi hujifunza kubana: alinde weupe, giza lijitunze lenyewe. Vijitabu vilivyokuja na kamera vilikuwa na majedwali yaleyale ya jua kali, nusu wingu na kivuli, yaliyoandikwa na watu wa nchi ambako jua hupita pembeni mwa anga. Wapigapicha wetu wa kwanza wa rangi walijifunza humo. Walipohamia negativu wakaendelea kubana, na watu weusi waliovaa kofia na vilemba wakalipa gharama.

Mwaka 1972 Kodak walileta utaratibu mpya wa kusafisha negativu za rangi unaoitwa C-41, ambao baadaye karibu kila kiwanda duniani kiliufuata. Mwaka uliofuata, 1973, TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Picha ya rangi ya bei nafuu na mji mkuu mpya vilikuja pamoja. Bahati mbaya vilikutana na miaka ya uhaba. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mkanda wa picha haukuwa kitu cha kushindana na dawa za hospitali na vipuri vya matrekta. Mkanda ulikuja na dereva wa lori, na mtawa aliyerudi likizo, na mtu wa ubalozi aliyekuja kwenye sherehe. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wafanyabiashara waagize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, maduka yalianza kujaa. Nilipoingia studio mwaka uliofuata, rafu ilikuwa na vibokisi vya njano vya Kodak na vya kijani vya Fuji, na mkuu wangu wa kazi, mzee aliyenifundisha, alivipangusa vumbi yeye mwenyewe kila asubuhi.

Picha nyeusi na nyeupe tulizisafisha palepale, kwenye chumba cha giza nyuma ya duka. Za rangi zilipakiwa kwenye bahasha na kupelekwa Dar es Salaam kwa treni au kwa basi, kilomita zipatazo 450, na kurudi baada ya wiki kadhaa. Katika safari hiyo ubora ulianza kuvuja kabla dawa haijagusa mkanda. Joto ni adui wa mkanda uliokwisha pigwa. Taswira iliyolala ndani yake hudhoofika siku hadi siku, na tabaka za rangi hazidhoofiki kwa kasi moja, ndiyo maana vivuli vinakuja na rangi isiyo yao. Mzee wangu wa kazi alikuwa na sheria aliyoirudia kwa kila mteja mwenye kamera: mkanda ukiuanza, umalize na uulete. Familia nyingi zilikuwa na mkanda mmoja wa picha 36 uliopigwa Pasaka, ukapigwa tena kwenye kipaimara, ukaja kumalizwa Krismasi, na kwa miezi yote hiyo kamera ilining'inia kwenye msumari chini ya bati. Waliokuwa na nafuu ni waliokaa kwenye tembe. Paa lile la udongo na kuta zake nene huzuia joto la mchana, na mkanda uliotunzwa ndani ya kopo kwenye kona ya tembe ulitufikia ukiwa na hali nzuri kuliko ule uliotunzwa kwenye nyumba ya kisasa.

Sasa nije kwenye jua, maana hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Dodoma iko nyuzi sita na kidogo kusini mwa ikweta, juu ya uwanda wa mita zaidi ya 1,100 kutoka usawa wa bahari. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 9 Oktoba. Machi kuna mawingu ya mvua, na wingu hutawanya mwanga ukawa mpole. Oktoba anga ni tupu, nyasi zimekauka, ardhi inang'aa. Mtu akisimama nje saa sita mchana, kivuli chake kinakusanyika miguuni, na macho yake yanakuwa mashimo mawili. Kiangazi hicho, baada ya mavuno, ndicho majira ya harusi.

Mita ya kamera hupima wastani wa kila inachokiona. Ikiona anga, ardhi kavu na gauni jeupe, inaagiza tundu la lenzi libanwe. Uso ulio chini ya kivuli cha paji lake unapata mabaki. Kwenye negativu sehemu hiyo inabaki tupu, na hapo hapana fundi wa kukusaidia, hata awe na mashine ya bei gani. Mzee wangu alikuwa na dawa yake, na wapigapicha wazuri wa mji huu wote walikuwa nayo, kila mmoja akiamini ni siri yake. Mkanda wenye kasi ya 100 waliuhesabu kuwa wa 50, yaani waliupa mwanga maradufu. Wa 200 waliuhesabu kuwa wa 100. Wakasogea hadi karibu na uso, wakapima uso wenyewe, wakarudi nyuma wakapiga kwa kipimo hicho bila kujali mita inalalamika nini kuhusu anga.

Hii haikuwa kubahatisha. Mkanda wa rangi una tabaka tatu kuu, na kila moja hugawanywa ndani yake: sehemu yenye punje kubwa zinazoshika mwanga upesi, na sehemu yenye punje ndogo za polepole. Mwanga haba huamsha zile kubwa peke yake, na ngozi inatoka na chengachenga kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Mwanga wa kutosha huamsha na zile ndogo, vidoto vya rangi vinafunikana, na shavu linatoka laini. Aliyetoka kwenye nyeusi na nyeupe alishangaa, maana kule ukizidisha mwanga chenga nazo huongezeka. Negativu ya rangi huvumilia ziada ya stopu mbili, mara nyingi hata tatu, na kila stopu ni mwanga maradufu. Upungufu wa stopu moja tu tayari unauona kwenye nywele na kwenye suti ya bwana harusi, ambazo zinageuka tope la kijanikijani.

Kamera nazo zilikuwa na tabia zake. Wengi walishika Zenit ya Kirusi, chuma kizito chenye lenzi nzuri ya Helios, ambayo shata yake haikuzidi 1/500 na ambayo flashi ilikubali kwa 1/30 tu. Piga hesabu: kwa mkanda wa 100 kwenye jua la saa sita, 1/30 inataka tundu la 32, na Helios inaishia 16. Maana yake mwenye Zenit hakuweza kutumia flashi juani kufuta vivuli vya macho. Mwenye Yashica Mat, ile ya kuchungulia kwa juu, aliweza kwa kasi yoyote, kwa sababu shata yake iko ndani ya lenzi. Tena mkanda wake ni mpana, picha 12 tu kwa roli, na kila negativu ni sentimita 6 kwa 6. Studio zilizokuwa na Yashica zilipewa harusi za wakubwa. Kwa macho yangu, negativu hizo ndizo bora kuliko zote zilizowahi kupigwa hapa.

Wenye Zenit waliobaki walitafuta kivuli, na katika Ugogo wa kiangazi kivuli si kitu cha kuokota njiani. Mibuyu wakati huo haina majani. Palikuwa na baraza za maduka ya Uhindini, ukuta wa kanisa upande usio na jua, na mlango wa tembe. Huo mlango nauheshimu sana. Mtu akisimama hatua moja ndani ya kivuli, akatazama nje, jua linapiga ardhi mbele yake na ardhi inarudisha mwanga usoni kutoka chini: macho yanafunguka, chini ya kidevu hakuna giza, na ngozi inapata joto la rangi ya udongo wetu. Bibi mmoja wa Mvumi, tulipomtoa juani kumpeleka mlangoni, aliniambia, "Mjukuu wangu, nitoe nilivyo, usinifanye mkaa." Lile alilotaka bibi ndilo nililolitafuta katika kila uso tangu siku ile.

Kiwanda hakikumfikiria bibi huyo. Kwa miongo mingi Kodak walipeleka kwa maabara picha ya mfano ya mwanamke mzungu, ambayo wasafishaji waliiita Shirley kwa jina la mfanyakazi wa kwanza aliyekaa kupigwa picha hiyo. Mashine ikitoa ngozi ya Shirley sawasawa, ilihesabiwa kuwa iko sawa kwa watu wote. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, ameichunguza historia hiyo, na amesimulia kwamba moja ya misukumo ya kuboresha mikanda ionyeshe vizuri rangi za kahawia ilitoka kwa wateja waliopiga picha za chokoleti na za samani za mbao. Miaka ya 1990 ndipo Kodak walipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Nilipoisoma habari hiyo nikiwa mtu mzima nilikasirika, na hasira hiyo sijaiacha. Wakati huohuo niliona thamani ya wazee waliotufundisha: bila kusoma ripoti yoyote, kwa kutazama nyuso za wateja wao tu, walikuwa wamekwisha kusahihisha kosa la kiwanda kwa kufungua tundu la lenzi.

Mashine ndogo za kusafishia picha, zile za Kijapani zinazomeza mkanda upande mmoja na kutoa picha upande wa pili, zilianza kuenea duniani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mimi nilikabidhiwa ya kwangu miaka ya 1990, kwenye duka jingine hapahapa mjini. Utaratibu wa C-41 haubembelezwi. Dawa ya kwanza inataka nyuzi 37.8, na mkanda ukae humo dakika 3 na sekunde 15. Umeme ukikatika katikati, harusi ya mtu iko ndani. Lakini mambo mawili ya Dodoma yalinisumbua kuliko umeme: maji na vumbi.

Maji mengi ya mji huu yanatoka visima vya Makutupora, na ni maji yenye chumvi. Kila mama wa Dodoma anaijua chumvi iliyoganda ndani ya sufuria yake. Yakikauka juu ya negativu huacha madoa yanayozuia mwanga, ambayo kwenye picha hutokea kuwa madoa meupe, na mara nyingi doa huchagua paji la uso. Kwa suuza ya mwisho tulitumia maji ya betri, au maji ya mvua yaliyokingwa mvua ya pili au ya tatu, baada ya bati kuoshwa, yakachujwa kwa kitambaa. Vumbi la Agosti na Septemba, upepo unapovuma mchana kutwa na visulisuli vikitembea mitaani, tulilipiga vita kwa sakafu iliyolowa na shuka bichi mlangoni. Ukiona negativu ya Dodoma yenye mistari mirefu iliyonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho wa mkanda, hiyo ni chembe moja ya mchanga iliyonasa mahali na kuukwaruza mkanda mzima ulipopita.

Dawa nazo zinataka kazi nyingi ili zikae hai. Maabara inayopata mikanda michache kwa siku inaacha dawa ikikaa na hewa hadi inachoka, na rangi zinachoka nayo. Rafiki zangu nikawa nawashauri walete mikanda Jumatatu au Jumanne, wakati harusi za Jumamosi zimekwisha ifanya mashine ipate dawa mpya ya kutosha.

Halafu kuna udongo mwekundu, na hapa ndipo picha nyingi za Kondoa zilipoharibiwa na watu ambao hawakuwahi kufika Kondoa. Mashine ya kuchapa hupima rangi ya negativu nzima na kuamini kwamba ukichanganya kila kitu utapata kijivu. Kwa picha ya bustani au ya sebuleni inapatia. Ipe picha ya familia iliyosimama mbele ya makorongo ya Irangi, wekundu umejaa kutoka kona hadi kona, mashine inadhani taa ina kasoro: inaongeza bluu na kijani hadi wastani utulie. Udongo unatoka wa kahawia iliyokufa, na nyuso zinatoka za watu wagonjwa. Aliyekuwa Dar es Salaam akibonyeza kitufe hakujua. Mimi nilijua udongo ule, kwa hiyo nilizima usahihishaji nikachapa kwa macho. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, uliondoa mifugo katika eneo lililomomonyoka la Kondoa mwaka 1979 ili ardhi ipone. Anayetaka kuona kwa rangi namna vilima vile vilivyokuwa na jinsi majani yalivyorudi asitegemee picha za karatasi. Karatasi zilichapwa na mashine isiyoamini kwamba ardhi inaweza kuwa nyekundu kiasi kile. Negativu haikudanganywa. Vivyo hivyo kwa michoro ya miambani ya Kolo, ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Wekundu wa michoro ile juu ya jiwe la kijivu ni mwembamba, na nimeona nakala zake zikiwa za zambarau kwa sababu ya uchapaji tu.

Kazi ya siasa nayo ilitulisha. Mikutano mikuu ya CCM, kisha Bunge lilipohamia hapa mwaka 1996, vilileta wajumbe waliotaka picha kabla basi halijaondoka. Ndani ya kumbi taa za mirija hutia ukijani usioonekana kwa macho, na mavazi ya kijani na njano ya chama yanaficha kosa mpaka uangalie ngozi. Aliyepiga kwa mwanga wa kutosha, ukijani huo nilimtolea kwenye uchapaji. Aliyebana, sikuwa na cha kutoa.

Kisha dijitali ikaja, na mambo yakaisha haraka. Konica Minolta walijiondoa katika biashara ya picha mwaka 2006, na Kodak wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Januari 2012. Mashine yangu iliuzwa kwa kilo. Studio zilipofungwa, karatasi na fremu zilipata wanunuzi, lakini masanduku ya negativu hakuna aliyeyauliza. Mengine yalichomwa nyuma ya maduka, na moshi wake ulikuwa mweusi na mzito. Niliyoweza kuyaomba niliyachukua.

Siku hizi naweka negativu juu ya ubao wa taa nyeupe na kuipiga picha kwa kamera ya dijitali, kisha naigeuza kwenye kompyuta na kuondoa ule wekundu wa chungwa uliotiwa kiwandani kusahihisha kasoro za rangi. Rangi za negativu nazo hufifia kwa miaka, siwezi kusema zimebaki kama siku ya kwanza, lakini kila tabaka naweza kulinyanyua peke yake, jambo ambalo zamani halikuwezekana. Harusi ambayo kwenye albamu ni gauni la waridi na wanaume wasio na nyuso inarudi: ua la lesi kwenye mkono, jasho kwenye mdomo wa juu wa bwana harusi, shangazi akiwa shangazi na mama mdogo akiwa mama mdogo. Nyuma yao kuna kituo cha zamani cha mabasi cha Jamatini na mabango ya maduka ambayo hayapo tena. Zilizopigwa na mwenye kufungua tundu zinarudi zote. Za mwenye kubana zinarudi nusu, na ninapozifanyia kazi husikia huzuni kwa watu waliolipa fedha zao.

Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inashughulikia nyaraka za umma, na harusi ya fundi cherehani wa Makole si waraka wa umma. Kwa hiyo negativu hizi ziko mikononi mwetu, kwenye makabati na chini ya vitanda. Ukiwa nazo, zitoe kwenye mifuko ya nailoni inayonata, uziweke kwenye bahasha za karatasi kavu, mbali na bati na mbali na jiko. Usizioshe kwa maji ya bomba. Zishike pembeni. Na kabla ya kazi yoyote ya kompyuta, kaa na mzee anayewajua waliomo, uandike kwa penseli juu ya bahasha: mwaka, kijiji, na majina kuanzia kushoto. Kwa vijiji vya Ugogo uandike na kijiji cha zamani, kile walichotoka kabla ya Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliyowahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, maana wazee wengi wanaofahamu nyuso hizo hujitambulisha kwa kile, na kizazi hicho ndicho kinachopungua sasa.